Sura Ambayo Karani Hakuichonga

Mtu yeyote aliyekaa Chikongola miaka ile atakwambia kwamba Karani hakuwa mchawi. Halafu atashusha sauti, ataangalia nyuma yake, na hapo ndipo atakapoanza kusimulia. Mimi nilikaa nyumba ya tatu kutoka kwake, nimekula kwake mara nyingi, mwanawe nilimfundisha mwenyewe, na bado nikimkumbuka yule mzee najikuta nimeshika shavu langu. Basi nimseme mimi, maana wengine wakimsema huongeza chumvi, naye hakuhitaji kuongezwa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa Kipare niliyepangiwa Mtwara bila kuulizwa, na mwaka wa kwanza nililia karibu kila jioni kwa sababu sikujua kula ming'oko, ile mizizi ya porini, wala sikuelewa utani wa majirani. Wengi wao walikuwa Wamakonde, baadhi wa huku huku, baadhi waliovuka Ruvuma kutoka upande wa Mreno. Karani alivuka zamani, kijana, kabla vita havijaanza ng'ambo. Aliitwa Karani kwa sababu alikuwa karani kweli, ofisi za bandarini, kazi yake kuandika mizigo inayopakiwa melini, korosho na mkonge. Alipoacha kazi jina lilimganda, na mpaka leo simjui kwa jina jingine ambalo lingemfaa.

Alikuwa mrefu na mkavu. Shati jeupe, limepigwa pasi mpaka mikono yake imesimama, na kalamu ya wino mfukoni. Mashavuni alikuwa na nembo, zile chale za mistari walizomchanja utotoni kwao. Makarani wenzake walimtania kwamba amejipigia mistari usoni ili asiandike kombo, naye akicheka pamoja nao. Lakini mwanawe wa pekee, Anselmi, Karani hakukubali achanjwe hata mstari mmoja. Wazee wa ukoo walikuja, wakasema, wakaondoka. "Huyu atakaa na watu wa ofisi," aliwaambia. "Uso wake uacheni." Nakumbuka nilimsifu kwa hilo, nikiona ni mtu wa maendeleo.

Kuhusu kuacha kazi, watu walisema mengi. Alikuwa anakaribia miaka arobaini na mitano, mkubwa wake anamtegemea, nyumba ina bati, mke ana cherehani. Mtu wa namna hiyo haachi kazi. Ila vita vilipoanza ng'ambo, mjomba wake alivuka mto na kuja kwake, na kwa Wamakonde mjomba ni zaidi ya baba. Yule mzee aliacha kila kitu huko nyuma isipokuwa tezo na patasi alizozifunga kwenye kipande cha gunia. Ndiye aliyemfundisha Karani kuchonga vinyago akiwa mtoto, kabla kijana hajapata shule na kuona kuchonga ni kazi ya watu wa porini. Mzee alikaa chumba cha uani, akachonga vijiko viwili vitatu, akafariki kabla ya mvua. Baada ya mazishi Karani alitoa ile tezo nje akasema ainoe tu isishike kutu. Mke wake aliniambia kwamba aliinoa Jumapili nzima, hata kanisani hakwenda, na Jumatatu akaingia ofisini na malengelenge akashindwa kushika kalamu sawasawa.

Miezi haikupita mingi akaaga. Mkubwa wake alidhani amepata kazi nzuri zaidi.

"Unakwenda wapi?" alimuuliza.

"Nyumbani, kuchonga."

Yule bwana alicheka sana, mpaka alipoona anacheka peke yake.

Mke wake, Mama Anselmi, hakucheka hata kidogo. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, na aliyasema mbele ya mumewe bila kupunguza. "Mwalimu, mimi niliolewa na kalamu," aliniambia. "Sasa tazama, kila asubuhi nafagia vumbi la magogo." Karani aliendelea kupiga tezo. Alikuwa na uwezo wa kutosikia ambao nadhani aliuleta kutoka ofisini.

Na ofisi hakuiacha nyuma. Hilo ndilo lililotuchekesha wote. Saa moja na nusu juu ya alama alikuwa barazani kwake, shati jeupe, kalamu mfukoni, ameketi kwenye mkeka na gogo katikati ya miguu. Saa nne chai. Jumamosi mchana alifunga, na ukija baada ya hapo alikwambia urudi Jumatatu, ingawa alikuwa amekaa pale pale na hana la kufanya. Aliweka benchi la wateja, na mtu akifika aliambiwa "Subiri hapo," hata kama hakuna aliyemtangulia. Gogo lenye ufa alilisukuma pembeni: "Hili halijapitishwa." Kitu kikikamilika alikipuliza vumbi, akakipangusa kwa kiganja na kusema, "Faili limefungwa." Kicheko changu ndicho kilichosikika zaidi. Siku hizo neno lile lilikuwa bado halijanitisha.

Mwanzoni hakujua kitu. Hili watu husahau wanapomtukuza na wanapomwogopa. Mkono wake ulikuwa umelala miaka zaidi ya ishirini na haukutaka kuamka. Tembo wake walitoka mbuzi. Kila siku alijikata, na Mama Anselmi akachochea maharage kwa kazi za mumewe mwaka mzima. Nilimwonea huruma, nikamshauri, kwa ile jeuri ya mwalimu kijana, kwamba labda afanye kazi hii jioni kama burudani na arudi bandarini kabla nafasi haijachukuliwa. "Burudani," akasema, akirudia neno kama mtu aliyepewa chakula asichokijua, kisha akaendelea na kazi yake. Mwaka wa pili mkono uliamka. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Siku moja nilipita nikaona juu ya mkeka kichwa cha mwanamke mzee, kidogo, cha mpingo, nikasema "Shikamoo" kabla sijafikiri.

Baada ya hapo walianza kumwita kwenye mambo ya mapiko, zile sura za mti anazovaa mchezaji wavulana wanapotoka jandoni. Huchongwa porini, mwanamke hasogei, kwa hiyo sijui lolote na sitajifanya najua. Alipotelea kwenye vichaka vya upande wa Mikindani siku kadhaa, akarudi mikono inanuka utomvu. Ninachojua ni kwamba sura za mapiko huweza kufanana na mtu kabisa, na kwamba siku moja mchezaji alitoka na uso wa mzungu wa zamani aliyekuwa akikusanya kodi, watu wakaanguka kwa kucheka na bibi mmoja akakimbia kweli kweli. Habari hiyo ilienea, na ndiyo iliyomleta mama wa kwanza.

Alikuwa muuza mihogo sokoni, mkimbizi kutoka ng'ambo, na ndonya yake, kile kipande cha mti cha wanawake wa Kimakonde, bado mdomoni. Mwanawe alikuwa anakwenda kule. Miaka ile hatukusema vitani. Tulisema "kule", na kila mtu alijua ni kuvuka Ruvuma kwenda kupigana na Mreno. Yule mama hakuwa na picha ya mwanawe. Akataka achongewe sura yake.

"Mapiko ni ya kucheza," Karani alimwambia. "Hii unayotaka wewe ni ya nini?"

"Ya kutazama," mama akajibu.

Nilikuwepo, nimekuja kurudisha ungo. Karani alimkalisha kijana kwenye benchi, akapiga magoti mbele yake na kufumba macho. Kisha akamwekea vidole gumba viwili kwenye paji la uso, akavishusha polepole, nyusi, mifupa ya mashavu, pembeni ya pua, taya, kidevu. Muda wote alikuwa akimuuliza habari za korosho za mwaka ule na kijana akijibu kwa aibu. Halafu akamwambia, "Nenda, nimekwisha kukupata." Kijana aliondoka kesho yake na hakuiona kazi yenyewe. Mama alipoletewa alicheka, akakizaba kile kichwa kofi jepesi. "Mjinga wewe, hata kuaga hukuaga vizuri," akakiambia. Karani akasema faili limefungwa.

Korosho hazijamaliza kuokotwa, habari ikaja. Kijana alikanyaga bomu la kutegwa ardhini, siku chache tu baada ya kuvuka.

Wakaja ndugu wawili, nao wakachongwa. Akaja mtoto wa fundi baiskeli. Akaja kijana mmoja mcheshi ambaye alikunja uso kwa makusudi ili achongwe amenuna, na Karani akamwambia kwa utulivu kwamba kilicho chini ya ngozi hakikunjwi. Sitataja ni wangapi, kwa sababu kila anayesimulia anaongeza. Nitasema tu kwamba kwa wale niliowajua mimi hakurudi hata mmoja. Mama zao hawakumlaumu. Walizifunga zile sura kwenye khanga, wakazilaza kitandani mchana wakazifunua jioni, na wakikutana naye njiani walimpa mkono. Waliosema ni wengine, wale ambao hawakuwa wamepoteza mtu.

Mimi nilimtetea. Bombani, ndoo kichwani, nilisimama na kuwatolea hesabu. "Huyu mzee anachonga wanaokwenda kule," niliwaambia. "Kule watu wanakufa. Sasa mlitaka wachongwe halafu wote warudi?"

Bibi mmoja, jirani yetu, alinisikiliza mpaka mwisho. "Wako waliokwenda bila kuchongwa, Mwalimu," akasema. "Wamerudi."

"Nani?"

Akanitajia. Nilikuwa nawafahamu wote aliowataja, mmoja alikuwa amepita kwangu juzi yake akitembea kwa gongo. Nilichukua maji yangu nikaenda nyumbani, na njia nzima nilikuwa na hasira na yule bibi, hasira ya mtu aliyeogopa.

Yeye mwenyewe Karani alisema vile vile nilivyosema mimi, kwa ile lafudhi yake ya ng'ambo ambayo miaka ya ofisi haikuweza kuifuta. "Ntu hafi kwa kuchongwa, Mwalimu. Wanachongwa kwa sababu wanakwenda." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyoeleza kwa nini shehena imechelewa. Lakini nilikwisha kuona kwamba kila akimaliza kugusa uso wa mtu alikwenda jikoni, akachota majivu, akasugua vidole gumba vyake mpaka vikapauka.

Vijana walianza kumkwepa. Kijana alivuka barabara akifika karibu na baraza ile, na wengine walivuta shati wakaficha uso, kwanza kwa mzaha, baadaye bila mzaha. Muuza kahawa alimmiminia huku ameangalia kando. Wanafunzi wangu walipita wamejifunika madaftari, nikawachapa kwa utovu wa adabu, na kesho yake wakapitia njia nyingine. Karani aliona yote. Asubuhi moja nilimkuta ameugeuza mkeka wake, ameketi ameelekea ukutani na mgongo ameupa barabara. Nikamuuliza kulikoni. "Nawapisha," akasema. Nilisimama pale nikashindwa kuendelea na safari yangu ya sokoni, nilimhurumia mno.

Hapo ndipo mkubwa wake wa zamani alipomwita arudi bandarini, maana karani mpya alikuwa akivuruga kazi. Mama Anselmi alifua shati jeupe mara mbili siku ile. Karani alikwenda, akanywa chai na wenzake, akawaelekeza palipokosewa, akarudi nyumbani akakaa mbele ya ukuta wake. Nilimfuata nikamwambia wazi kwamba simwelewi. Watu wanamkimbia, mkewe analia, nafasi iko wazi.

"Mwalimu, kule nilikuwa naandika vitu vinavyoondoka," akasema. "Miaka yote. Hiki kimeondoka, hiki kimeondoka, weka sahihi." Akaligeuza gogo. "Hawa nao wanaondoka. Lakini mama zao wana kitu mkononi."

Nilimheshimu na nilimwogopa, na siwezi kusema kipi kilikuwa kikubwa.

Sasa Anselmi. Nilimfundisha hesabu, alikuwa mwepesi, mwenye kucheka ovyo darasani mpaka unamsimamisha nje na huko nje anaendelea kucheka. Alimaliza sekondari, akaambiwa nafasi ya baba yake bandarini ni yake akiitaka. Mama yake akashona suruali mbili za ofisini. Kijana akazivaa, akafanya kazi mwaka na kidogo, kisha jioni moja akaja kuniaga. Anakwenda kule. Nilimgombeza kama mtoto wa darasa la tatu. Nikamwambia ana kazi, ana mama, amekulia Tanzania, ng'ambo amewahi kuona nini.

"Baba aliacha kalamu akarudia vya kwao," akanijibu. "Kwa nini mimi nisirudie kwetu?"

Alisema huku anacheka, na mimi sikuweza kucheka.

Kumbe nyumbani walikwisha kujua zamani. Nilialikwa kula kwao siku zile, ugali wa mhogo na kisamvu, nikaona jambo nililodhani nimekosea kuona. Karani alizungumza na mwanawe vizuri tu, akimuuliza habari za bandarini, akimsogezea mboga. Ila alizungumza na bakuli. Macho yake yalitoka kwenye bakuli yakaenda mlangoni, yakashuka miguuni pa kijana, yakarudi kwenye bakuli. Nilipokuwa nasaidia kuosha vyombo Mama Anselmi alininong'oneza: "Hajamtazama mwanawe tangu Pasaka."

Nilimuuliza. Labda sikupaswa, lakini nilikuwa nimezoea kuuliza.

"Jicho likishashika sura, nkono hauombi ruhusa," akasema. "Nikimtazama nitamchonga tu. Hata sitaki, nitajikuta namchonga."

"Si umesema mwenyewe mtu hafi kwa kuchongwa?"

"Nimesema."

"Sasa?"

Alipangusa tezo kwenye suruali, upande huu, upande huu. "Nilisema kuhusu watoto wa wenzangu," akajibu.

Siku ya kuondoka, lori lenye turubai lilisimama nyuma ya soko kungali mapema. Mama Anselmi alikuwa ametoa ukutani picha ya mwanawe, ile ya stidio aliyopigwa alipomaliza shule, picha pekee waliyokuwa nayo. Akamtilia mfukoni na kumfunga kifungo. "Usiache sura yako hapa kama walivyoacha wenzako," akamwambia. "Nenda nayo yote, urudi nayo yote." Nilimwelewa kabisa. Mimi mwenye cheti cha ualimu, niliyewachapa watoto kwa kujifunika madaftari, niliona amefanya la busara. Karani alimpa mwanawe mkono ameinamisha kichwa. Alikuwa anatazama viatu vya kijana. "Kaza kamba, zimelegea," akasema. Anselmi akainama akakaza kamba, akaruka juu ya lori, na lori likashika njia ya mtoni.

Baada ya hapo Karani hakuchonga tena uso wa kijana yeyote. Wakija mama zao aliwaambia mafaili hayo hayapokelewi, bila kueleza. Alirudi kwenye vijiko, vitana, bakora za wazee. Mwaka uliofuata nilihamishiwa Masasi. Nilikuwa nikipata salamu zao kwa wasafiri, na salamu zilikuwa zile zile, hawajambo, hawajasikia kitu.

Vita vya ng'ambo vikaisha, Mreno akafungasha. Masasi tulisherehekea. Wakimbizi wakaanza kurudi kwao, familia kwa familia, na redio kila nyumba inaimba. Nilikuja Mtwara kwa semina ya walimu, nikafikia mtaa wa Shangani, na mchana wa kwanza wenye nafasi nikatembea kwa miguu mpaka Chikongola. Yule bibi wa bombani alikuwa hai, anapepeta mchele mlangoni kwake.

"Anselmi amerudi," akaniambia, hata sijauliza.

Nilipiga kigelegele pale pale barabarani. Bibi hakunipokea. "Nenda ukamwone," akasema, akaendelea kupepeta.

Baraza ya Karani ilikuwa tupu. Benchi halipo, mkeka haupo. Nikazunguka nyuma, ambako siku hizi kulikuwa na ua mpya wa makuti, mrefu kupita kichwa cha mtu. Nikapiga hodi, Mama Anselmi akanifungulia. Alikuwa amekonda. Alinikumbatia, na mle uani, juu ya bega lake, nikamwona Karani ameketi kwenye mkeka, shati jeupe, kalamu mfukoni. Ukutani nyuma yake zilipangwa sura za mti, nyingi, zote zimegeuzwa zimetazama ukuta.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Subiri hapo," akanionyesha lile benchi la zamani.

Mama Anselmi ndiye aliyeniambia, amesimama, mikono imefumbata khanga. Bomu la moto kutoka kwenye ndege. Mikono mizima, miguu mizima, macho anaona. "Uso ndio haupo," akasema. "Alikwenda nao wote, nikamwambia mimi mwenyewe aende nao. Na ile picha iliungulia mfukoni. Mwalimu, nimesahau. Miezi hii namtazama kila siku, na huu wa sasa umeifuta ile sura ya kwanza. Nalala nikiitafuta. Nikamwambia huyu, wewe uliwachonga watoto wa watu wote, nichongee wangu."

"Siwezi," Karani akasema. Alichukua sura moja ukutani akanigeuzia. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa ya mtoto wa fundi baiskeli. Akageuza nyingine, ikawa yake mwenyewe alipokuwa kijana, bila nembo. Nyingine ilikuwa laini tu, macho na mdomo, kama wanavyochora watoto. "Hakuna mahali pa kushika," akasema. "Wengine walikuwa na chale, nkono unajua pa kuanzia. Huyu nilikataza wasimguse. Halafu nikakataza jicho langu. Hata kufumba macho nimejaribu, naona viatu." Sauti yake ilikuwa ile ile ya ofisini. "Wewe ulimtazama darasani miaka yote, Mwalimu. Niambie pua yake ilikuwaje."

Nikaanza. Nilimwambia pua ilikuwa ya mama yake, imetulia, si nene sana. Masikio yamesimama kidogo. Kidevu sikuwa na hakika nacho, nikakiruka. Kisha nikakumbuka kitu kwa furaha, kwamba alipigwa jiwe akiwa darasa la pili na unyusi mmoja ukabaki umekatika, wa kushoto.

"Wa kulia, Mwalimu," sauti ikasema kutoka ndani.

Pazia la mlango likasogea, akatoka. Alikuwa amejitanda shuka jepesi kichwani kama mama zetu wanavyojitanda. Akaniamkia, nikaitikia, na sikujua niweke wapi macho yangu, Mungu anisamehe. Akaja akaketi kwenye benchi karibu na mimi, mbele ya baba yake, pale pale walipokuwa wakiketi wale wengine. Akavua shuka akaliweka mapajani.

"Baba, nitazame."

"Nakutazama."

"Unatazama miguu."

Karani aliinua kichwa. Ilimchukua muda, kifua, shingo, kidevu, halafu akafika. Sikuwahi kumwona akimtazama mtu namna ile, hata wale aliowachonga aliwafumbia macho. Mama Anselmi alikuwa ameshika nguzo ya jiko.

"Unamtafuta nani kwenye magogo hayo?" kijana akauliza. "Yule ambaye mama anamtaka?"

"Yule."

"Yule hakurudi," Anselmi akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mmekaa mnamngoja na mimi mko nami hapa. Mchonge, baba. Mchonge kama ulivyowachonga wenzake waliobaki kule. Halafu mama amfunge kwenye khanga."

Nilimtazama Mama Anselmi, nikajua atapiga kelele, kwa sababu ndiye aliyemkataza mwanawe asiache sura yake nyuma. Aliachia nguzo, akaingia jikoni, akatoka na gogo la mpingo alilokuwa amelifunga kwa matambara, na akaliweka mbele ya mumewe. Kisha akaketi chini, mgongo akauegemeza kwenye miguu ya mwanawe.

Karani alipiga magoti. Hakufumba macho. Akaweka vidole gumba viwili kwenye paji lile la uso, lililokunjamana na kung'aa, akabonyeza kidogo akitafuta mfupa, na Anselmi akatulia. Vidole vikashuka kulia, vikasimama mahali ambapo zamani palikuwa na unyusi uliokatika, vikakaa hapo.

"Korosho mwaka huu vipi?" akamuuliza mwanawe.

"Wanasema si mbaya," Anselmi akajibu.

Niliinuka kimya kimya nikachukua mkoba wangu. Nilikuwa nimefika kwenye ua Karani aliponiita bila kugeuka. "Mwalimu, nirudishie mlango huo," akasema. "Leo sipokei mtu mwingine."